Kiboksi cha Kuku na Saa Zisizolipwa

Kile kiboksi cheupe cha karatasi chenye mkono wa waya, ambacho sinema za Marekani zimekifanya kifahamike hata kwa mtu asiyewahi kukishika, hakikubuniwa kwa ajili ya wali wala tambi. Mwaka 1894 Frederick Weeks Wilcox wa Chicago alipata hataza ya ndoo ya karatasi inayokunjwa kutoka kipande kimoja, isiyovuja, na kazi yake ilikuwa kubebea chaza. Biashara ya chaza ilipofifia, ndoo ile ikapata ajira mpya kwenye migahawa ya Wachina. Picha ya pagoda nyekundu iliyo ubavuni mwake iliongezwa miaka ya 1970, na aliyeichora alikuwa mbunifu wa kiwanda cha Kimarekani. Ukienda China kuitafuta ndoo hiyo mikononi mwa wateja, utahangaika.

Biashara nzima ya chakula cha Kichina cha kubeba nchini Marekani imejengwa hivyo hivyo. Jina limetoka mbali, lakini umbo lake limekatwa na sheria, kodi ya pango na ladha ya mteja wa huko. Na ni biashara kubwa. Mwandishi Jennifer 8. Lee, katika kitabu chake cha mwaka 2008, alihesabu zaidi ya migahawa 40,000 ya Kichina nchini humo, idadi iliyozidi ya McDonald's, Burger King na KFC zikijumlishwa pamoja. Tofauti na majina hayo matatu, sehemu kubwa ya migahawa hiyo haina makao makuu wala hisa sokoni. Ni maduka ya baba, mama, mjomba na watoto, kila moja na karai lake.

Kwa miongo mingi wateja wamejiuliza inakuwaje mlo wa kushibisha watu wawili uuzwe kwa bei ndogo kiasi kile. Jibu haliko kwenye mchele. Sehemu ya gharama haikuwahi kuandikwa kwenye daftari: saa 12 za kazi kwa siku za mwenye duka, za mkewe aliyekaa kaunta, za mtoto aliyefanya kazi za shule huku akipokea simu za oda. Leo saa hizo zinapungua, na ndiyo sababu soko hili linagawanyika mbele ya macho yetu.

Chanzo cha biashara hii kiko mahakamani. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na sheria hiyo ikadumu hadi 1943. Wafanyabiashara, hata hivyo, waliruhusiwa. Mwaka 1915 mahakama ya shirikisho ilikubali kwamba mwenye mgahawa naye ahesabiwe kuwa mfanyabiashara. Mwanahistoria Heather Lee amefuatilia matokeo ya uamuzi huo: mjini New York idadi ya migahawa ya Kichina iliongezeka mara nne kati ya 1910 na 1920, kisha ikazidi mara mbili tena kufikia 1930. Masharti yalikuwa magumu. Mgahawa ulipaswa kuwa wa daraja la juu, na anayeomba hadhi ya mfanyabiashara alitakiwa kuusimamia kwa mwaka mzima bila kushika kazi za mikono, hata kupokea pesa kaunta. Kwa hiyo ndugu na majirani wa kijiji kimoja walichanga mtaji, wakafungua mgahawa wa fahari, wakapokezana kiti cha meneja ili kila mmoja apate hadhi yake na nafasi ya kuleta jamaa. Anayejua jinsi upatu unavyozunguka ataielewa mantiki hiyo mara moja. Watu waliofungiwa milango mingine walikuta mlango mmoja uko wazi, wakapita humo kwa wingi.

Wateja nao walihitaji chakula wanachoweza kukipenda. Miaka ile ilikuwa chop suey, mchanganyiko wa mboga na vipande vya nyama kwenye mchuzi mzito. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ilileta wapishi wapya kutoka Taiwan na Hong Kong, na Februari 1972 Rais Nixon alionekana kwenye televisheni akishika vijiti mezani Beijing. Wamarekani wakataka zaidi ya chop suey.

Hapo ndipo anapoingia Peng Chang-kuei, mpishi wa Hunan aliyekimbilia Taiwan mwaka 1949. Katika miaka ya 1950, akiandaa karamu za serikali, alibuni kuku aliyempa jina la Jenerali Zuo Zongtang, shujaa wa Hunan wa karne ya 19. Kuku wa Peng alikuwa na uchachu, chumvi, vitunguu saumu na pilipili. Alipofungua mgahawa New York mwaka 1973 alikuta jina la sahani yake limeshatangulia: wapishi wengine wa mji huo walikuwa wameionja Taiwan, wakaichukua, wakaivalisha ganda la unga na kuitia sukari. Ndiyo iliyoshinda. Peng aliporudi Hunan miaka ya 1990 kufungua mgahawa Changsha, wateja wa huko waliona sahani inayobeba jina la jenerali wao ni tamu kupita kiasi. Alifariki Taipei mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 98, na sidhani kama senti yoyote ya mauzo ya “General Tso”, kama Wamarekani wanavyoiita sahani hiyo, katika maelfu ya maduka iliwahi kumfikia. Sahani haina hakimiliki.

Ukiitazama orodha ya vipendwa vya Wamarekani kwa jicho la mfanyabiashara, utaona vinafanana: kuku wa Jenerali Tso, kuku wa machungwa, kuku wa ufuta, nguruwe wa tamu na chachu. Vyote ni vipande vidogo vya nyama isiyo na mfupa, vimeviringishwa kwenye wanga wa mahindi, vikakaangwa mara mbili, vikamiminiwa mchuzi wa sukari na siki. Ganda hilo hubaki na ukavu wake kiasi hata baada ya nusu saa ndani ya kiboksi, na mchuzi mzito haumwagiki. Chakula cha kubeba huchaguliwa na safari kabla ya kuchaguliwa na ulimi. Samaki mzima wa kuchemshwa kwa mvuke mwenye tangawizi, ambaye mpishi yule yule angempikia mama yake siku ya sikukuu, hawezi kustahimili baiskeli na ngazi za ghorofa ya tano. Ndiyo maana hayumo kwenye karatasi ya oda.

Karatasi hiyo ina sahani zaidi ya 100, lakini jikoni kuna vitu vichache tu: kuku, ng'ombe, nguruwe, kamba, tambi, wali, brokoli, karoti, vitunguu, na ndoo tano au sita za mchuzi. Kinachobadilika ni mpangilio. Mpishi mmoja hodari anasimama mbele ya makarai mawili na kutoa sahani moja kila baada ya dakika mbili au tatu, hivyo jiko dogo kama chumba cha kulala linaweza kuhudumia mtaa mzima. Ofisi ya kuhudumia wateja kwa simu, ghala na kiwanda, vyote viko ndani ya mita chache za mraba. Sijaona matumizi bora ya nafasi katika biashara ya chakula mjini.

Hata kumfikishia mteja chakula mlangoni kulikuzwa na duka la Kichina. Misa Chang, aliyefungua Empire Szechuan huko Manhattan mwaka 1976, alianza kusambaza karatasi za oda chini ya milango ya majirani na kuwapelekea chakula kwa miguu na baiskeli. Wengine wakaiga, hadi majengo ya New York yakabandika matangazo ya kukataza karatasi hizo.

Maduka haya yanaonekana kila moja liko peke yake, lakini nyuma yake kuna wasambazaji wachache. Ushahidi wake ulijitokeza Machi 30, 2005. Bahati nasibu ya Powerball ilipata washindi 110 wa nafasi ya pili ilhali waliotarajiwa walikuwa wanne au watano. Waandaaji walidhani wameibiwa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba washindi hao, waliotawanyika katika majimbo mengi, walinakili namba kutoka kwenye vile vibiskuti vya bahati vinavyotolewa baada ya mlo, na vibiskuti vilitoka kiwanda kimoja cha Wonton Food huko Queens, New York. Vibiskuti vyenyewe, kwa taarifa ya msomaji, asili yake ni Japani.

Sasa turudi kwenye saa za kazi. Kuanzia miaka ya 1980 wafanyakazi wengi wapya walitoka mkoa wa Fujian, na wengi walisafirishwa na magendo kwa deni la makumi ya maelfu ya dola. Juni 6, 1993 meli ya Golden Venture iliyobeba watu 286 ilikwama ufukweni Queens, watu wakajitupa baharini usiku, na 10 wakafa. Waliopita salama katika safari nyingine kama hiyo waliishia East Broadway, mtaa wa Manhattan wenye ofisi za kutafuta kazi. Kazi huko ilitangazwa kwa msimbo wa simu wa eneo, mshahara wa mwezi na idadi ya saa za basi. Mtu alichagua tarakimu tatu za msimbo, akapanda basi la Wachina usiku, asubuhi akashuka Ohio au Virginia asikojua jina la mji. Mwenye duka alimpa kitanda na chakula, naye akapika siku sita kwa wiki, saa 12 kwa siku. Deni likilipwa, alianza kuweka akiba ya duka lake. Hivyo ndivyo karai la Kichina lilivyofika hata kwenye miji midogo isiyo na Mchina mwingine hata mmoja.

Mfumo huo ulikuwa mgumu, mara nyingine wa kikatili, na sioni sababu ya kuupamba. Ulikuwa pia ngazi iliyojengwa ili ipandwe na kuachwa. Mwaka 2019 gazeti la The New York Times, likitumia takwimu za tovuti ya Yelp, lilionyesha kwamba katika miji mikubwa 20 ya Marekani sehemu ya migahawa ya Kichina kati ya migahawa yote ilishuka kutoka asilimia 7.3 hadi 6.5 ndani ya miaka mitano. Hamu ya wateja haikuwa imepungua. Wazazi walikuwa wanazeeka, na watoto waliokulia kaunta sasa ni wahasibu, wauguzi na wahandisi. Wengi wa wazazi hao hawalii. Walichomenyea vitunguu miaka 30 kimetimia.

Kisha zikaja programu za simu za kuagiza chakula. Duka lililokuwa na kijana wake wa baiskeli lilijikuta likilipa kamisheni iliyofika asilimia 30 ya oda. Kwa sahani ya dola 12, hiyo ni dola 3.60, kiasi ambacho mara nyingi kinazidi faida yote. Mwaka 2020 jiji la New York liliweka kikomo cha asilimia 15 kwa huduma ya kupeleka chakula, likiogopa kwamba janga la korona lingemaliza maduka madogo. Kwa mara ya kwanza saa za baiskeli zilikuwa zimepata bei ya wazi, na bei hiyo ilitosha kuyumbisha duka.

Dim sum, yaani vitafunio vidogo vya Kikantoni, ni biashara ya upande wa pili kabisa wa soko hili. Kiboksi huuza safari, dim sum huuza kukaa. Wakantoni husema yum cha, yaani kunywa chai, na chakula kinakuja kusindikiza birika. Nyumbani kwake ni Guangzhou na Hong Kong. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaokwenda Guangzhou kununua bidhaa wanapita mbele ya kumbi hizo kila asubuhi: wazee wamefungua magazeti, vikapu vya mianzi vinafuka mvuke, meza haziachwi hadi karibu saa sita. Wengi wa wafanyabiashara hao ni Waislamu, na kwa kuwa nguruwe na mafuta yake yameenea humo, hupitiliza hadi kwenye tambi za Waislamu wa China katika mtaa wa Xiaobei. Lakini ile desturi ya asubuhi ndefu yenye birika na vitafunio mtu wa pwani yetu anaitambua bila kufundishwa.

Vipendwa vinne hutajwa daima. Har gow, kamba ndani ya ngozi nyembamba inayoonyesha wekundu wake. Siu mai, kijaluba kilicho wazi juu chenye nguruwe na kamba. Char siu bao, mkate mweupe wa mvuke uliopasuka ukaonyesha nyama tamu ya kuchoma. Na kikombe cha unga uliookwa chenye kastadi ya mayai. Har gow ndiyo mtihani wa mpishi. Wanga wa ngano hupigwa na maji yanayochemka, donge linabonyezwa kwa ubapa wa kisu kilichopakwa mafuta hadi liwe duara, kisha vidole vinapiga mikunjo saba, tisa, hata zaidi, upande mmoja tu. Ngozi ikiwa nene ni unga mtupu, ikiwa nyembamba inapasuka na mchuzi unakimbia. Ikishatoka kwenye mvuke ina dakika chache za uhai, kisha inakakamaa. Hakuna kiboksi kitakachoiokoa.

Hesabu yake ndiyo inayotisha. Kikapu kimoja kina vipande vitatu au vinne vilivyokunjwa kimoja kimoja na mtu aliyejifunza kwa miaka, na mteja amezoea kukilipia bei ya kitafunio. Ili ukumbi uishi unahitaji watu mamia, meza zinazojazwa mara mbili tatu kabla ya mchana, na ada ndogo ya chai kwa kila kichwa. Matoroli yanayosukumwa kati ya meza yalikuwa akili ya biashara: mteja ananunua kwa macho, mhudumu anagonga muhuri kwenye kadi, wala hakuna anayesubiri oda. Ila toroli hutaka njia pana, na chakula kinachozunguka bila kuchukuliwa ni hasara. Kodi ya pango ilipopanda, karatasi ya kutia alama na penseli ikachukua nafasi. Mtu aliyekulia na kelele za matoroli anajua alichopoteza, nami niko upande wake, ingawa daftari haliko upande wetu.

Kuna sahani moja ya dim sum inayomgusa hata mkulima wa mbali: miguu ya kuku, ikaangwe, ichemshwe, kisha ipikwe kwa mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa hadi ngozi iachane na mfupa. Dar es Salaam miguu hiyo ni kitoweo cha mtaani kwa mwenye fedha kidogo. Marekani haina mlaji wake wa kutosha, hivyo kwa kiwanda cha kuku mguu ni karibu na taka, mpaka mnunuzi wa China anapotokea. Januari 2015 China ilizuia kuku wote wa Marekani kwa sababu ya mafua ya ndege, na zuio likakaa hadi Novemba 2019. Kwa karibu miaka mitano mzalishaji wa kusini mwa Marekani aliuza kifua na paja kama kawaida, lakini senti za mguu, ambazo kwake ni faida iliyobaki baada ya gharama zote kulipwa, hazikuwapo. Zuio lilipoondolewa, miguu ilikuwa miongoni mwa shehena za mwanzo kupanda meli.

Nani basi anapata faida leo? Ni wale walioweza kuufanya mkono kuwa mfumo. Andrew Cherng alianza na baba yake mgahawa wa kukaa huko Pasadena mwaka 1973, kisha yeye na mkewe Peggy wakafungua Panda Express ya kwanza ndani ya jengo la maduka Glendale mwaka 1983. Mpishi wao Andy Kao alitoa kuku wa machungwa mwaka 1987. Peggy, mwenye shahada ya uzamivu ya uhandisi wa umeme, alileta kompyuta za kufuatilia mauzo na akiba wakati washindani wengi wakiandika kwa mkono. Leo ni zaidi ya migahawa 2,000, bado mali ya familia. Mpishi wake hahitaji miaka 10 ya karai, mchuzi unakuja ukiwa tayari.

Kwa upande wa mikunjo, mfano ni Din Tai Fung. Yang Bing-yi alifungua duka la mafuta ya kupikia Taipei mwaka 1958. Mafuta ya makopo yalipoua biashara hiyo, mwaka 1972 akageukia xiaolongbao, vifuko vyenye nyama na supu vya asili ya Shanghai. Kila kimoja kina mikunjo 18 na uzito wa gramu 21, na unga na nyama hupimwa kabla ya kukunjwa mbele ya mteja nyuma ya kioo. Kazi ya mikono imebaki, lakini imegawanywa, imepimwa na kutangazwa, na mteja analipa bei inayolingana nayo. Kampuni ya utafiti ya Technomic ilikadiria kuwa mwaka 2024 kila tawi lake la Marekani liliingiza wastani wa takribani dola milioni 27. Hong Kong, Mak Kwai-pui aliacha jiko la hoteli ya kifahari akafungua Tim Ho Wan katika duka dogo la Mong Kok mwaka 2009, akapata nyota ya Michelin muda mfupi tu baadaye. Hatimaye jina hilo likaingia mikononi mwa Jollibee, kampuni ya Ufilipino ya kuku wa kukaanga.

Mjini New York pande mbili za soko hili zinatenganishwa na safari fupi ya treni. Machi 2021 ukumbi wa Jing Fong katika Elizabeth Street, wenye viti 800, matoroli, na wahudumu waliokuwa na chama chao cha wafanyakazi, ulifungwa. Wahudumu waliandamana mtaani kudai ubaki, na baadaye mwaka huo jina likahamia kwenye chumba kidogo Centre Street. Julai 2024, Din Tai Fung ikafungua chini ya ardhi karibu na Times Square ukumbi wa watu wapatao 450. Karibu na Jing Fong ya zamani, katika kona ya Doyers Street, mgahawa wa Nom Wah unaendelea kuuza dim sum katika mtaa ule ule ulipoanzia mwaka 1920. Mpwa wa mmiliki aliyetangulia, ambaye ndiye aliyeurithi, alikuwa akifanya kazi kwenye taasisi za fedha kabla ya kuamua, karibu mwaka 2010, kurudi jikoni.